Zamu ya Saa Tisa

Mihayo alikuwa mwanaume mwenye kifua na sauti ya kuitia ng'ombe bonde la pili, lakini kwa muda wote niliokaa naye nyumba moja pale Mabatini, Mwanza, nilimjua zaidi kwa kikohozi. Alikohoa kabla ya kufungua mlango wa chumba chake, akasubiri. Kama ukumbini kulikuwa kimya, alitoka. Kama mama mkwe wake alikohoa kumjibu, alirudi kuketi kitandani.

Mimi Sada nilikuwa mpangaji wa chumba cha uani, muuza vitumbua. Kwetu sisi watu wa mjini tuliochanganyika kila damu, mkwe ni mtu wa kumpokea mzigo na kumtania kidogo akizidisha maringo. Kwa Wasukuma wale wa Magu haikuwa hivyo. Mwanaume na mama mkwe wake hawashikani mikono, hawapishani mlangoni, na kubwa kuliko yote, hawaonani wakila. Kumwona mama mkwe akipeleka tonge kinywani ni aibu sawa na kumkuta bafuni. Mambo hayo yanawezekana kijijini, kila mtu na mji wake. Hebu yajaribu ndani ya nyumba ya vyumba vinne yenye mlango mmoja wa mbele.

Mihayo hakuzaliwa kuishi ukweni. Alikuwa mpimaji wa pamba kwenye ghala la ushirika huko Magu, mtu anayeheshimika, anayeamkiwa njiani. Biashara ilipofunguliwa, wanunuzi binafsi wakaja na mizani yao na watu wao, ghala likafungwa, popo wakahamia. Akaja Mwanza na mkewe Modesta kwa wiki mbili tu, mpaka apate kazi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini Mabatini ni mawe matupu. Hata hilo jembe angelimia wapi? Wiki mbili zikawa mwaka, mwaka ukazaa mwingine.

Mwenye nyumba alikuwa mama yake Modesta, mjane aliyeitwa Paskazia. Hakuwahi kumwambia mkwewe neno baya. Angemwambia vipi, wakati hawasemezani? Kila kitu kilipitia kwa Modesta. "Mwambie mume wako paa linavuja." "Mwambie mayu nitapanda juu kesho." Mayu ni mama kwa Kisukuma. Na wote wawili wako hapo hapo, wametenganishwa na mlango wa mbao nyembamba.

Kula ndiko kulikokuwa na taabu. Mama Paskazia alikula kwanza, ukumbini, na Mihayo alikaa chumbani mpaka vyombo viondolewe. Siku moja akina mama wa jumuiya walikuja kusali, wakasali, wakala, wakaanza kusimuliana habari za harusi ya mtu. Jua lilipokaribia kuzama nikampitishia Mihayo vitumbua dirishani. Alivipokea bila kunitazama. Kusema kweli nilicheka, halafu nikaona aibu kwamba nimecheka.

Na msidhani mama alikuwa anastarehe. "Sada," aliniambia siku moja tukipeta mchele, "kwangu mwenyewe nakula kama mwizi. Nameza bila kutafuna, maana najua kuna mtu mzima kule ndani ana njaa ananisubiri. Mungu ampe kazi huyo baba, aende zake, sote tupumue."

Kazi ikajitokeza mwaka ule wa uchaguzi wa pili wa vyama vingi. Alikuwapo mfanyabiashara wa sangara, Suhaib, ambaye alimwona Mihayo akibeba mizigo mwaloni Kirumba, wanaposhushia samaki, akapenda anavyofanya kazi bila kelele. Suhaib alitaka msimamizi wa ghala lake la samaki Musoma, na kazi hiyo ilikuwa na nyumba. Nyumba yenye mlango wake! Alimwambia, "Jumapili nitakuwa kwenye ile meli ya matembezi. Njoo tule pamoja tuzungumze. Mimi mtu namjua akiwa mezani. Jumatatu naondoka, nitakuwa nimeshaamua."

Meli yenyewe ilikuwa kuukuu, imenunuliwa na mtu binafsi, ikapakwa rangi nyeupe mpaka ikajisahau. Kila Jumapili ilikwenda Nansio, kisiwani, na kurudi, chakula kikiwa ndani ya nauli. Nauli kamili ilikuwa ya matajiri na wageni. Kwa sisi wengine kulikuwa na punguzo, lakini liliuzwa kwa watu wanne kwa pamoja, tiketi moja. Mihayo na Modesta ni wawili. Mama Paskazia akatuma neno kwa bintiye: "Mwambie nitaongeza nauli, na mimi nitakwenda. Nimezeekea kando ya ziwa hili, sijawahi kukanyaga meli." Wa nne nikawa mimi, na wala sikubembelezwa.

Habari ya kula tuliipanga mapema. Meli ilikuwa na zamu tatu za chakula: saa sita, saa saba na nusu, na saa tisa. Tukasema mama atakula zamu ya kwanza, Mihayo ya mwisho, kama nyumbani. Rahisi kabisa.

Tulipopanda, karani alimkabidhi Mihayo kadi ya njano. Akaisoma juu juu: zamu ya saa tisa. Alitabasamu, maana ndiyo aliyoitaka, na kabla hajaisoma mpaka chini akasikia anaitwa. Alikuwa Suhaib, kanzu safi, tumbo mbele.

"Shikamoo, tajiri."

"Marahaba, Mihayo. Unakula saa ngapi wewe?"

"Saa tisa."

"Mimi nauli yangu haina saa. Nitakufuata mezani kwako, saa tisa."

Wakashikana mikono. Niliona mabega ya Mihayo yakinyanyuka, nikamwona mpimaji wa pamba wa Magu ambaye sikuwahi kumjua. Halafu akaigeuza kadi, akasoma maandishi madogo ya chini, na mabega yakarudi yalikokuwa. Meza moja, zamu moja, watu wanne, waingie pamoja.

Nilikwenda mwenyewe kwa mkuu wa ukumbi wa chakula, mtu mzima mwenye shati jeupe na kalamu sikioni. Mimi sina haya mbele ya watu wenye kalamu.

"Kaka, tubadilishie huyu mama saa."

"Wenye nauli kamili wanachagua saa. Wenye punguzo wanapangiwa."

"Basi yeye abaki nje, sisi watatu tuingie."

"Kadi moja, vichwa vinne. Tuliwaachia mwanzoni waingie mmoja mmoja, kadi moja ikalisha ukoo mzima. Wanne kwa pamoja, la sivyo hakuna anayeingia."

"Mpe sahani yake akalie nje."

"Chakula hakitoki ukumbini."

"Kaka, hapa kuna mila za watu..."

"Mila ziko nchi kavu, dada. Huku kuna zamu."

Mihayo naye alijaribu kumfuata Suhaib amwombe wazungumze mahali pengine. Ngazi ya kwenda daraja la kwanza ilikuwa na mnyororo, na aliyeulinda aliiona kadi ya njano, akatikisa kichwa. Akarudi, akakaa nyuma kabisa ya meli, karibu na injini, kwa sababu mama mkwe wake alikuwa amekaa mbele. Kila mama alipoinuka kwenda msalani, Mihayo alilazimika kuhama, na meli ile haikuwa na pa kuhamia. Akazunguka nayo kama kuku aliyefungwa mguu. Nyumbani angalau alikuwa na mlango wa kujifungia.

Tulipofika Nansio alitaka kushuka abaki huko huko. Alikuwa ameshakanyaga daraja la kushukia Modesta alipomshika shati kwa nyuma.

"Ukishuka, watatu hatuingii mezani, na Suhaib hakukuti," alimwambia. "Mume wangu, mimi nimechoka kuwa mlango kati yenu. Nimechoka!"

Hakupandisha sauti, lakini nilisikia kilichokuwa ndani yake. Mihayo akarudi mahali pake pale karibu na injini, na meli ikageuza.

Kengele ya saa tisa ilipolia, sote watatu tulimtazama mama Paskazia. Angekataa, nani angemlaumu? Aliinuka, akajifunga kanga vizuri, akamwambia bintiye: "Twende. Mtu anasubiriwa."

Tukaingia wanne. Meza ilikuwa ndogo, imepigiliwa sakafuni. Mama alichagua kiti cha pembeni, akakigeuza chote kikatazama ukuta, akaketi. Kisha akaichukua kanga ya pili, akajifunika kuanzia kichwani hadi magotini. Sahani yake ikaletwa, wali na sangara, akaiacha mezani nyuma ya mgongo wake. Watu wa meza za jirani wakageuka. Mtoto mmoja akauliza kwa sauti kama yule bibi anaumwa.

Suhaib akaja, akaketi, akaanza kula bila makeke. Alizungumza kuhusu barafu, malori, na wavuvi wanaoleta samaki usiku wa manane wakitaka jibu pale pale. Mihayo alijibu vizuri. Alijua mizani, alijua watu wanavyodanganya kwenye mizani. Nilianza kuomba moyoni. Suhaib akamegua mnofu wa samaki wa sahani yake, akauweka kwenye sahani ya Mihayo.

"Kula basi. Tunaongea mpaka chakula kinapoa."

Mihayo akashika kijiko. Akamtazama yule aliyejifunika ukutani, akakiweka chini.

"Nimeshiba, tajiri."

"Umeshiba nini, na chakula hujagusa?"

Modesta alikuwa anatazama mapaja yake. Mimi nikashindwa kuvumilia, nikamweleza Suhaib habari yote: kwamba yule ni mama mkwe, kwamba kwao hawaonani wakila, kwamba ni heshima tu, si dharau. Suhaib alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya yule, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwamba sina wa kumtukana.

"Sawa," alisema. "Heshima nzuri. Lakini mama mwenyewe amegeuka, hakuoni. Kula."

Mihayo akakishika kijiko tena. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, likashuka mpaka kwenye nyusi. Kijiko kikafika nusu ya safari, kikarudi.

Suhaib alinawa mikono taratibu. "Mihayo, mtaka cha uvunguni sharti ainame. Ghala langu litakuwa na mambo ya kukukwamisha zaidi ya hili, na mimi nitakuwa mbali. Nataka mtu wa kuamua, hata akikosea." Akaniaga mimi, akamuaga Modesta, akainamisha kichwa kidogo kuelekea mgongo wa mama. "Nitakutafuta," alimwambia Mihayo, na hakuna aliyehitaji kufafanuliwa maana yake.

Kutoka bandarini tulitembea kwa mguu. Mama alitangulia mbele na bintiye, mimi nikabaki nyuma na Mihayo. Nilikuwa nimekasirika, sikuficha.

"Kijiko kimoja tu, Mihayo! Kimoja!"

"Dada Sada, umemwona alivyojifunika? Kama mtu aliyefiwa. Nimemtoa kwake, nimemwingiza mbele za watu, akanigeuzia mgongo. Ningemezaje, na mgongo wake unaniambia nimemkosea?"

Mimi si Msukuma, nilidhani anajua asemalo.

Nyumbani Mihayo alipitiliza chumbani kwake, akafunga mlango. Modesta akapika ugali na mlenda, akaandaa ukumbini, akamkaribisha mama yake. Mama hakugusa chakula. Aliuliza, "Yule mtu wa samaki alimwambia nini mwisho?" Modesta akamwambia. Kwamba hakula, kwamba kazi imepotea.

"Hakula?" Mama Paskazia alishika kifua. Kumbe chini ya ile kanga hakuona kitu, na kelele za injini zilimfichia maneno. Alikuwa amekaa ukutani muda wote akiamini nyuma yake mkwe wake anakula na kuajiriwa.

Aliinuka. Nilidhani anakwenda kulala, lakini alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye mlango wa Mihayo, akasimama karibu nao kuliko mama mkwe yeyote anavyopaswa kusimama. Tangu niingie nyumba ile sikuwahi kumsikia akimtaja kwa jina. Ilikuwa "mume wako", au "huyo baba".

"Mihayo," alisema.

Modesta aliweka mkono mdomoni.

"Mihayo, niligeuka ili ule. Sikuwa na namna nyingine ya kukuambia. Mgongo ndiyo ruhusa niliyokuwa nayo. Ungekula, mwanangu."

Ndani hata kitanda hakikulia. Mkwe akiitwa jina lake na mama mkwe anajibu nini? Sidhani kama kwao kuna anayejua, na Mihayo hakuwa mtu wa kubuni. Mama alisubiri pale mlangoni, mkono umegusa mbao. Halafu akaenda chumbani kwake, akafunga, akapiga komeo kwa nguvu makusudi, ili mtu asikie kwamba ukumbi uko wazi na chakula kipo mezani. Mimi na Modesta tukaenda uani kumpisha Mihayo. Tulikaa huko mpaka mbu wakatuchosha. Tuliporudi, ugali ulikuwa umepoa vile vile ulivyoachwa, na mlango wa Mihayo ulikuwa bado umefungwa.