Baba Alinisifu Bila Kunijua

Baba yangu mzazi alinipiga picha nikining'inia nje ya ghorofa ya kumi na moja, akaituma kwenye grupu la familia, akasema, "Huyu ndiye mtoto!"

Hakujua kuwa huyo mtoto ni mimi.

Msicheke kwanza. Niwaeleze ilivyokuwa.

Mimi nasomea uhasibu, mwaka wa pili. Baba ni mtu wa bima. Kazi yake ni kukagua ajali na kuandika ripoti, na kila ajali aliyoikagua alirudi nayo nyumbani akaiweka mezani wakati tunakula.

Ukitaka baiskeli: "Kuna kijana aligongwa akiwa juu ya baiskeli, nilimkagua mimi." Ukitaka kuogelea: "Nina faili la mtu aliyezama kwenye maji ya magotini."

Siku moja nimejilaza zangu chumbani, sina habari na mtu. Akachungulia mlangoni. "Sogea katikati. Kuna mama alianguka kitandani akavunjika nyonga."

Kitandani, jamani!

Kwa hiyo nilipofika chuo nikaona tangazo la klabu ya kupanda milima, sikujiuliza. Nilijiandikisha papo hapo. Ilikuwa raha.

Mwalimu wa klabu tulimwita Buibui. Mfupi, mkavu, maneno yake machache. Siku ya kwanza aliniweka kwenye ukuta wa mazoezi nikalia. Siku ya pili nikalia tena. Ya tatu nilikataa kushuka.

We acha tu. Nilijihisi mtu.

Baba akaja kujua, maana kwenye ukoo hakukosekani mwenye mdomo. Akafunga safari hadi chuoni. Hata hakunikaripia. Alikaa kwenye kiti cha bwenini, mikono juu ya magoti, akasema, "Nikisikia tena umegusa kamba, nakuhamisha. Kuna chuo karibu na nyumbani. Utasoma kule na utalala kwetu."

Baba akisema kitu, amesema. Kuhamishwa maana yake klabu kwaheri, marafiki kwaheri, na mimi nirudi kuwa mtoto wa kuchunguliwa mlangoni hadi siku nitakayoolewa.

Nikaitikia kwa adabu. Wiki iliyofuata nikagusa kamba.

Likizo ikafika, nikaaga nyumbani kuwa nabaki bwenini kusoma. Buibui ana kazi yake ya kuosha vioo vya majengo marefu, na huwachukua vijana wa klabu. Unafungwa mikanda kiunoni na mapajani, kisha kamba mbili: moja inakubeba, nyingine inakudaka ya kwanza ikileta mchezo. Unashuka kutoka paani, ndoo pembeni, brashi mkono huu, raba ya kuvutia maji mkono ule. Unasugua, unavuta maji, unashuka.

Asubuhi moja nimefika ghorofa ya kumi na moja. Nikavuta povu, na nyuma ya povu kuna chumba cha mikutano. Watu wamezunguka meza. Mmoja amegeuka kunitazama.

Baba.

Nusura brashi initoke! Ofisi yake iko upande wa pili wa mji. Kumbe siku hiyo walikuwa na kikao na wenye jengo.

Sasa mtu aliyefungwa kambani anakimbilia wapi? Bahati yangu nilikuwa na kofia ngumu, miwani mikubwa na kitambaa puani. Nikaendelea kusugua kioo ambacho kilishatakata zamani.

Baba akainuka. Akaja mpaka kwenye kioo, tukawa tunatazamana hivi, mimi na yeye. Akanikagua kuanzia kofia hadi buti. Akatabasamu. Akaniinulia dole gumba.

Baba yangu! Mimi nilishinda mitihani yote, nikaongoza darasa, na dole gumba lake sikuwahi kuliona. Nilichopata ni "vizuri, lakini angalia barabarani."

Akatoa simu akanipiga picha. Nikampungia mkono wenye povu. Ningefanyaje?

Mchana tumepumzika juu ya paa, nikafungua simu. Grupu la familia linawaka. Picha yangu ile, na chini yake sauti ya baba:

"Wanangu, mtazameni kijana wa watu. Yuko hewani huku, anafanya kazi yake, hana wasiwasi. Huyu ndiye mtoto! Sio nyinyi, kila kitu mnaogopa, sijui mmerithi kwa nani. Na wewe wa chuoni, jifunze kwa wenzako."

Sijui mmerithi kwa nani!

Shangazi akaandika: "Mtoto huyo ana baba kwelikweli."

Baba akajibu: "Umesema, dada. Hapo kuna baba."

Buibui alikuwa anasoma begani kwangu. Akaniambia, "Binti, kula. Nyamaza, itapita."

Ingepita, ni kweli. Lakini niliwaka. Miaka yote hiyo nimekatazwa kupanda hata ngazi ya kubadilishia taa, kumbe mzee anaupenda ujasiri, ilimradi uwe wa mtoto wa jirani!

Nikavaa kofia, miwani na kitambaa, nikajipiga picha. Nikavua miwani na kitambaa, nikajipiga nyingine. Nikatuma zote mbili na maneno haya: "Baba, ni mimi. Asante kwa dole gumba."

Baba anaandika. Ameacha. Anaandika. Ameacha. Shangazi akafuta ujumbe wake. Baba mdogo akatoka kwenye grupu kabisa.

Simu ikaita.

"Uko wapi?"

"Juu ya paa, baba."

"Shuka."

"Kwa lifti au kwa kamba?"

"Usinitanie wewe! Kwa lifti!"

Nikamkuta nje, kando ya utepe wa kuzuia wapita njia. Tai imepinda, jasho linamtoka. "Vua hayo mavitu. Tunakwenda kuchukua mizigo yako. Chuo unahama."

"Asubuhi ulinisifu."

"Sikujua ni wewe!"

"Kwa hiyo ujasiri ni wa watoto wa wenzako tu?"

"Ndiyo!" Alipayuka mpaka mlinzi akageuka. "Ndiyo, wa watoto wa wenzangu! Wao wakianguka nitaandika ripoti. Wewe ukianguka nitaandika nini mimi?"

Baba aliushika ule utepe kwa mikono miwili, kama yeye ndiye aliye juu. Maisha yangu yote nilimwona mkali. Siku hiyo nikaona ni mtu mwenye hofu, basi, na hofu yenyewe ni mimi. Nilimpenda pale mpaka ikaniuma.

Lakini kumpenda ni kitu kimoja, na kuishi ndani ya mafaili yake ni kingine.

"Baba, nakupenda. Ila sihami kwa hiari yangu. Ukinihamisha, nitatafuta kamba hukohuko. Nimebakiza safu moja ya vioo na nakwenda kuimaliza."

"Ukithubutu kupanda tena..."

"Napanda, baba."

Nikampa mgongo. Nikaingia kwenye lifti.

Juu, Buibui alinikagua mikanda. Nikavuka ukingo wa paa. Nikatazama chini: baba hayupo pale kwenye utepe.

Basi, nikajua yameisha. Ameshakwenda bwenini kufungasha nguo zangu. Machozi yakajaa ndani ya miwani, nikawa nasugua kioo kama kimenikosea.

Nikavuta povu la ghorofa ya kumi na nne.

Baba.

Amesimama katikati ya meza za watu, anahema. Katibu muhtasari wa ofisi ile amebaki mdomo wazi. Baba hakunitazama usoni. Alitazama kamba ya kwanza, akatazama ya pili, akatazama mikanda. Kisha akaweka kiganja chake kwenye kioo, akakiacha hapo.

Nikashuka ghorofa inayofuata. Mlango ukafunguka kwa kishindo, baba huyo, koti mkononi. Nikashuka nyingine. Baba huyo tena, mbio!

Baadaye niliambiwa kila ofisi alikuwa anaingia akipunga kitambulisho: "Bima! Nakagua madirisha!" Na lifti hakuitumia, aliona inamchelewesha. Mzee mzima alikuwa anazishuka ngazi mbilimbili.

Ghorofa ya saba, shati limelowa chapachapa, tai haipo. Akagonga kioo. Nikajua sasa ananiamuru nishuke. Akagonga tena, akanionyesha kwa kidole.

Kona ya chini. Nilikuwa nimeacha povu.

Nikaisugua. Akatikisa kichwa: bado. Nikaisugua tena, nikavuta maji vizuri. Akaridhika, akakimbilia ngazi.

Nilicheka mpaka nikaanza kuzunguka kwenye kamba.

Nilipogusa chini nilimkuta ameketi kwenye ngazi za mlangoni, amevua viatu.

"Baba, kuhusu chuo..."

"Niache nipumue kwanza."

Nikamwacha. Akapumua.

"Kaa kwenye chuo chako," akasema. "Na usidhani nimepona. Nitaogopa kesho, nitaogopa na keshokutwa."

"Najua, baba."

"Unajua nini wewe!" Lakini aliuchukua mkono wangu, wote sabuni, akaushika hadi alipoweza kusimama.

Sasa wewe mwenzangu uliye chuoni, unayesoma hapa. Kuna kitu unakitaka. Mlima, jukwaa, safari, lugha mpya, sijui. Unangoja nyumbani waache kukuhofia ndipo uanze. Hawataacha! Wangu hajaacha hadi leo, na kila nikipanda anapiga simu.

Funga kamba zako vizuri, zote mbili, halafu panda. Wao waache wakimbie kwenye ngazi.