Vitambaa vya Friji ya Mama

Walisema nitaosha vyombo ng'ambo hadi nizeeke, kisha nirudi Kombewa na begi la nguo kuukuu. Nilirudi na diploma ya ufundi wa friji, niliyojilipia kwa kuosha hivyo hivyo vyombo. Kitu cha kwanza nilichonunua kilikuwa friji ya mama. Kati ya wale wasemaji, sijui aliyemnunulia mama yake hata jiko.

Mwaka haukuisha, ikaacha kupoza. Mama ana kisukari, na insulini yake hukaa humo. Nikatoka kazini Kisumu, miguu imevimba, nikaenda moja kwa moja kwa mama. Jirani mwenye duka la soda alikuwa ameshaihifadhi dawa kwenye friji yake.

"Bwana Diploma," akaniambia, "dawa iko kwangu. Wewe ulimletea mama kabati."

Nikaenda kuikagua friji ya mama. Stima ilikuwepo, taa ya ndani iliwaka. Mpira wa mlango ulibana vizuri karatasi niliyoipachika kuupima. Kompresa, ile pampu ya nyuma, ilinguruma bila kupumzika, nayo ilikuwa moto wa kuchoma kiganja.

Ndipo nikaitazama friji yote. Mama alikuwa ameivalisha vitambaa vya kufuma vya kikundi chake cha kanisa, vimeshuka mgongoni hadi sakafuni, kisha akaisukuma ikagusa ukuta wa sebule. Joto linalotolewa ndani hutokea nyuma. Hapo halikuwa na njia.

"Mama, hii hutoa jasho kwa mgongo. Umeivalisha sweta."

"Wuoda," akanijibu, kwa Kijaluo ni mwanangu, "friji ya mtu aliyesoma ikae uchi mbele ya wageni?"

Nikaivuta, nikaivua, nikapangusa vumbi nyuma, nikaiacha mbali kidogo na ukuta. Asubuhi maji yalikuwa baridi ya kuuma meno. Tukarudisha insulini.

Jirani alikataa pesa, nami silali na deni. Nikamlipa kwa ufundi: nikaivuta friji yake. Nayo ilikuwa na vitambaa vya kikundi kilekile. Kisha nikaenda kwa mama mchungaji, aliyemkopesha mama barafu siku friji ilipoharibika. Vitambaa tena. Kufikia adhuhuri nilikuwa nimewalipa wote wawili, na kiuno hakikunyooka.

Nyumbani mama aliningoja na vitambaa vimefuliwa. "Na hivi?"

"Funika viti."

Akafunika kile nilichotaka kukalia, nikabaki nimesimama.