Rangi ya Dawa

Nikipita kwenye gereji za mtaa wa Sakina na kunusa grisi, mkono wangu hujipeleka shingoni.

Siku moja nikiwa mtoto, baba alitoka chooni akinguruma. Mkojo wake ulikuwa mwekundu.

"Umeniwekea sumu, mwanamke!"

Mikono yake ya ufundi, myeusi kwa grisi, ikamkaba mama shingo. Nilimng'ata baba mguu, akanipiga teke hadi ukutani.

"Ni dawa, baba watoto," mama alisema kwa sauti ya kukabwa. "Nesi alituambia mkojo utakuwa mwekundu!"

Kikohozi ndicho kilichomwachisha baba. Kifua kikuu kilimkunja hadi sakafuni. Mama akainuka, mdomo aliojing'ata akikabwa ukivuja damu, akabandua kwenye pakiti vidonge vya siku ile.

"Meza."

Baba akameza. Kisha akalia, na machozi yake yalikuwa na wekundu uleule.