Kadi ya Picha Iliyonipeleka Kasomeno

Niliondoka nyumbani Hewa Bora, mtaa wa Lubumbashi, kwa sababu nilikuwa nimekosea, na mteja wangu alijua. Papa Kasongo, mchoraji wa majengo wa Kasomeno, alikuwa ameniletea kompyuta ambayo skrini yake ilizimika ovyo. Niliipangusa vumbi, nikaichezesha filamu saa nzima, nikamwambia ni nzima. Siku ya tatu akanipigia simu.

"Fundi Mado, ecran inazimika tena. Bantu ba comité banakuya kesho saa tisa. Kama sibaonyeshe paa, batavunja bibambazi byote."

Kuta hizo ni za nyumba ya uzazi. Zilikuwa zimekwisha kujengwa, na watu walibishana kama zingebeba paa. Mchoro wake wa vipimo vya kuta hizo, uliokuwa ndani ya kompyuta ile, ndio ungekata ubishi.

"Minakuya mimi mwenyewe," nikamjibu.

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi nilipanda lori la sabuni, nikakaa mbele na dereva, mtu wa Butembo.

"Maman, unaenda kutengeneza nini kule?"

"Kosa yangu."

Alicheka mpaka akakohoa. Tulipita magunia ya makaa yaliyopangwa kando ya njia, na vumbi jekundu likatuingia hadi mdomoni.

Kasomeno tulifika karibu saa sita. Mke wa Papa Kasongo, Maman Chantal, alikuwa ameandaa bukari, ugali wa kwetu, na samaki, lakini nikamwomba chakula kingoje. Nilifungua mchoro. Papa Kasongo alipolizungusha paa tu, mistari ya rangi ikatapakaa kwenye skrini, kisha giza.

Kwanza nilishuku umeme. Nikabadilisha kisanduku cha umeme cha kompyuta kwa kingine nilichokuja nacho. Giza lilelile. Nikapima joto la kadi ya picha, kile kipande cha ndani kinachochora picha za skrini: halikuwa kali. Hapo nikajua. Kadi ile ilinunuliwa ikiwa imetumika miaka mingi. Filamu haikuichosha, lakini mchoro mzito uliilazimisha kukimbia kwa kasi yake ya kawaida, na kasi hiyo haikuiweza tena. Nikaanza kuipunguzia kasi, hatua kwa hatua.

"Unapunguza?" Papa Kasongo akashangaa. "Mi nilifikiri utaiongezea nguvu!"

"Imezeeka, papa. Zungusha paa."

Akazungusha. Picha ikasita kidogo, ikabaki. Tukaiacha izunguke wakati nakula. Sote tulikuwa tunaitazama.

Saa tisa kamati ikaingia. Mwenyekiti, mama mmoja mkulima, akaomba aonyeshwe upande wa nyuma. Hapo ikaonekana kwamba kuta zingebeba paa; ukuta mmoja tu ulikuwa mfupi.

"Basi tuongeze matofali mistari mbili," akasema. "Hakuna kuvunja kitu."

Maman Chantal akapiga kigelegele.

Asubuhi iliyofuata, nikingoja gari la kurudi, Papa Kasongo aliniuliza, "Sasa iko muzima?"

Safari hii sikujivuna. "Hapana, papa. Inatumika tu. Anza kutafuta kadi ingine."

Akanishika mkono kwa nguvu. "Hiyo ndiyo nilitaka kusikia."

Nilirudi Lubumbashi bila aibu. Kosa langu lilikuwa kwamba mashine niliipima kwa filamu yangu, si kwa mchoro wa mwenye mashine. Siku hizi, mtu akiniletea kompyuta mbovu, kabla sijagusa hata parafujo moja namwuliza: "Unatumikaka nayo kazi gani? Leta na hiyo kazi."