Alama ya Mkono Begani kwa Bi Harusi

Haya nayasema uso chini, maana Kirongwe nzima wanayajua na hadi leo nikipita kisimani wanawake wananong'ona. Mimi ndiye shangazi niliyepewa kazi ya kumsinga Mwanahawa, binti wa kaka yangu, siku nne kabla ya harusi yake, na singo ya kumsugua bi harusi inataka maganda ya machungwa yaliyokaushwa yakasagwa. Yangu yalikuwa yameota ukungu. Badala ya kusema, nikamenya ndimu mbichi, nikamsugua kwa yale maganda mgongo na mabega (si wanasema yanang'arisha ngozi?), na kwa vile chumbani joto la bati lilikuwa halivumiliki, nikamshika bega nikamtoa uani akauke juani, bi harusi ambaye hatakiwi hata kuchungulia mlangoni.

Siku ya pili yake akaamka analia. Mgongo malengelenge, na begani alama nyekundu ya mkono mzima, vidole vyote vitano. Nikajua ule mkono ni wangu. Mama yake akaniuliza, "Wifi, hiki nini tena?" Ulimi ukaniponza kwa woga, nikasema, "Huyu kashikwa na jini."

Basi ubani ukafukizwa, visomo vikasomwa, habari ikavuka maji mpaka Bwejuu kwa mama wa bwana harusi, naye akaja kesho yake na neno moja tu: "Mwanangu haoi mtu mwenye jini." Harusi inavunjika, na mimi nimekaa palepale mikono nimeificha ndani ya kanga, kwa sababu vidole vyangu navyo vilishaanza kufura.

Aliyemtazama Mwanahawa vizuri ni jirani yetu, nesi. "Mafuta ya ganda la ndimu mbichi yakipigwa jua yanaunguza ngozi. Nani kampaka?" Macho yake yakatua kwenye kanga yangu. "Shangazi, hebu toa mikono." Nikaitoa mbele ya ukumbi mzima wa wanawake, nikasema yote huku nalia.

Mama wa bwana harusi alicheka mpaka akakaa chini, na ndoa ikafungwa. Mwanahawa hakucheka. Aliniuliza taratibu, "Shangazi, wakwe wangeondoka, ungenyamaza?"

Kusinga nimeacha kabisa, na siku hizi nikiharibu kitu nasema hapohapo, maana swali lile sijalijibu mpaka leo.