Maziwa Yaliyokataa Kuganda

"Shilingi mbili zangu!" Mama mmoja alikuwa amemkamata mfugaji shati sokoni Nkwenda. "Siku ya tatu leo, maziwa yako hayajaganda!"

"Mama, hukufukiza moshi vizuri kibuyu cha kugandishia."

"Mimi? Nafukiza vibuyu tangu hujazaliwa! Ng'ombe umempa nini?"

Mfugaji akajikuna shingo. "Alivimba kiwele. Bwana mifugo akamdunga penisilini, akasema nimwage maziwa siku tatu. Lakini mama, hiyo ni dawa, na sikukuongezea bei!"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, maana juzi nilimnunulia mwanangu kikombe cha maziwa kwa mtu huyo huyo. Nikamwambia mfugaji: "Dawa inayozuia hata maziwa kuganda, nani kakwambia inafaa tumbo la mtoto? Aliyeumwa ni ng'ombe wako. Mrudishie mama shilingi mbili, nami senti zangu thelathini."