Mama wa Kijana Niliyemponza Ndiye Aliyeniandikia Barua ya Cheti cha Polisi

Admin, nifichie jina na picha, ila maneno yangu yaache kama yalivyo, hata yale yanayoniumbua.

Mimi ni mwanamke wa miaka 29, mwalimu wa chekechea, nimepanga chumba Goba. Mwaka huu nimepata kazi ya kufundisha nje ya nchi, kazi niliyoiombea dua mpaka magoti yakaota sugu. Ili nipewe viza walitaka cheti cha polisi kinachoonyesha kwamba sijawahi kutiwa hatiani kwa kosa lolote. Wenzangu wanakihangaikia kwa sababu ya foleni. Mimi kinaninyima usingizi kwa sababu nyingine kabisa.

Nilipomaliza kidato cha sita nilikuwa nyumbani Keko nasubiri matokeo. Baba yangu ni seremala, ana karakana ya makochi na vitanda pale barabarani, na mimi ndiye niliyekuwa natunza funguo. Nilikuwa na mpenzi wa siri, fundi wa mtaa wa pili. Jioni moja akaniomba nimwazime mashine ya kurandia mbao amalizie kazi ya mteja, asubuhi na mapema ataileta. Nikafungua karakana, nikampa. Mashine yenyewe haikuwa hata ya baba, aliiazima kwa fundi mwenzake. Yule mpenzi wangu akatokomea nayo, mpaka leo sijamtia machoni.

Asubuhi baba akauliza kwa ukali, "Jana funguo alikuwa nazo nani?" Nikafikiria kipigo, nikafikiria aibu ya mtaa mzima kujua nina mwanaume. Nikajibu, "Nilimwachia kaka Dula." Maneno matatu tu. Dula (si jina lake) alikuwa fundi wa baba, kajifunzia kazi mikononi mwake na alikuwa akila kwetu. Akanigeukia akasema, "Mdogo wangu, mie umenipa funguo saa ngapi? Hebu sema vizuri." Nikainamisha kichwa.

Nilijidanganya kwamba atashikiliwa polisi siku mbili, wazee wakae, yaishe, kama tulivyozoea. Lakini mwenye mashine akagoma kufuta kesi. Tukafika mahakamani, nikaapa, nikayarudia maneno yale yale mbele ya hakimu. Dula akafungwa miezi sita. Mimi nikaenda chuo cha ualimu yeye akiwa gerezani, na nilifaulu vizuri tu, jamani. Hilo nalo linaniuma.

Sasa, ili upate cheti unaanza na barua ya serikali ya mtaa, na mtaa hawakupi barua mpaka mjumbe wa eneo lako aandike kwamba anakufahamu. Goba nimehamia juzi, hakuna anayenijua, na kitambulisho changu kinasoma Keko. Nikarudi Keko. Nikauliza mjumbe siku hizi ni nani, nikaambiwa ni Mama Dula. Nilizunguka ile nyumba mara tatu kabla ya kupiga hodi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, kaa hapo, mie namalizia kuchambua mchele."

Nikamweleza shida yangu. Akaweka ungo pembeni, akajifuta mikono, akavaa miwani, akaandika taratibu kwamba ananifahamu tangu mtoto na hajawahi kusikia nina kesi yoyote, nisaidiwe. Huku anaandika akasema, bila kunitazama, "Mwenzio naye alipataga kazi ya useremala huko Uarabuni. Mkataba ulishakuja. Cheti cha polisi kikatoka na ile kesi yake, basi, wakamwacha. Sasa yuko Kinyerezi huko anafunga dari za watu."

Akanipa karatasi, ila hakuiachia.

"Dula alinambia tangu siku ile ya kwanza. Mie nimekungoja miaka kumi uje useme mwenyewe. Leo nilivyokuona mlangoni nikasema alhamdulillah, kaja. Kumbe umefuata barua."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamuuliza, kwa sauti ya kijinga kabisa, "Sasa mama, mbona umeniandikia?"

"Mie siwezi kumzibia riziki mtoto wa mwenzangu. Nenda."

Na mimi, badala ya kupiga magoti, nikasema "Asante mama" nikaondoka na karatasi yangu. Hata samahani sikuisema.

Nimechukuliwa alama za vidole, cheti kimetoka, sina doa. Viza nimepata. Nasafiri wiki ijayo. Shoga yangu niliyemweleza kaniambia, "Yaliyopita si ndwele, we panda ndege." Lakini yeye hakuuona ule uso wa Mama Dula. Nikienda polisi kusema kweli, niliapa uongo mahakamani, naweza kushtakiwa na kazi ikapotea. Baba ana presha, na ndiye aliyemfukuza Dula kwa matusi mbele ya watu, sijui atalipokeaje. Nikinyamaza, nitasimama mbele ya watoto wa watu niwafundishe kusema kweli, na Dula atabaki na kosa langu kwenye jina lake.

Nimebadilisha jina lake, lakini najua anaufuata ukurasa huu, maana nimewahi kuona maoni yake hapa. Kaka, wewe niliyekuita Dula, ukifika hapa ushajua ni mie. Funguo sikukupa. Nisamehe.

Na nyie wengine, nitukaneni mkimaliza mniambie: nikaseme kabla ya ndege, au ndiyo nimeshasema?